Nimetoka misheni, baba ananingoja kwenye zabibu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 23, nakaa kwa wazazi wangu Mpunguzi, Dodoma, barabara ya Iringa. Usitaje jina langu tafadhali, huku tunajuana wote.

Nilipokuwa Dar es Salaam kwa mjomba, nikisoma kidato cha tano na cha sita, nilibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo watu wanaliita la Wamormoni. Nyumbani sisi ni Waanglikana tangu enzi za babu, aliyekuwa mwinjilisti upande wa Mvumi. Baba alinuna, kisha akasema mtu mzima hachaguliwi kanisa. Nilipomaliza shule nikapata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Nikaiacha, nikaomba kwenda misheni, na baba nilimwambia barua ya wito ilipokuwa imeshafika. Hapo alinuna kwelikweli.

Nilipangiwa Uganda, miaka miwili kama ilivyo kwa vijana wote wa kiume. Nilianzia Kampala, nikamalizia Jinja. Shangazi, kwa miaka ile sikuwahi kujiuliza leo nifanye nini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tumeamka, tunasali, tunasoma, tunatoka, na saa nne na nusu usiku taa zimezimwa. Hutembei peke yako. Una mwenzi, na mnapaswa kuonana na kusikiana muda wote isipokuwa bafuni. Kila baada ya wiki sita hivi linakuja tangazo la uhamisho: nani anabaki, nani anaondoka, nani ataishi na nani. Nimeishi na Mghana, na Mkenya, na Mmarekani wa Idaho ambaye maishani mwake hakuwahi kufua kwa mkono. Nilimfundisha kufikicha kola, naye akaninyoosha Kiingereza changu mpaka nikaacha kuona haya. Jumatatu ndiyo siku ya kufua, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani. Mama alikuwa anaweka simu kwenye ndoo iliyofudikizwa ili wote wanione.

Nimerudi Februari. Kiongozi akanitangazia kuwa nimemaliza kwa heshima, nikavua kibao cheusi cha jina kifuani, nikakiweka ndani ya Biblia. Basi, ikawa imekwisha.

Siku za mwanzo nilikuwa napita mtaani na shati jeupe na tai, mazoea tu. Nikaona milango inafungwa. Nyumba moja mtoto alitumwa aseme mama hayupo, na miguu ya mama naiona chini ya pazia. Mdogo wangu aliponieleza alicheka hadi akakaa chini: walidhani mimi ni afisa wa mikopo ya kausha damu nimekuja kudai rejesho.

Baba mdogo yeye hachekeshi. Anauliza mbele ya wageni, "Miaka miwili na Wazungu, umerudi na begi lilelile?" Siku nyingine anasema nimejiunga na Freemason na hela nimezificha. Ananitajia mtoto wa jirani aliyekwenda JKT Makutupora, sasa ni askari na ameshamwezekea mama yake bati. Kwa mama mkubwa nilikataa chai, maana imani yetu hairuhusu chai wala kahawa, akaniuliza kwa sauti kama nadhani ameitia kitu. Tangu siku hiyo hajaja kwetu.

Sasa jambo lenyewe. Baba ana ekari mbili za zabibu, ile nyekundu ya Makutupora. Wanunuzi wa viwanda vya mvinyo ndio wanaozichukua. Ada zangu zote, za mjomba zilipoishia, zilitoka kwenye shamba hilo. Nilipokuwa sipo mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa anamsaidia. Baba sasa mgongo hauko sawa, akikaa kuinuka ni mpaka ashike nguzo, na anataka mimi nilishike shamba lote.

Nilirudi mavuno yamepamba moto, nikavuna nao. Nilijiambia namsaidia mzazi. Lakini lori la mnunuzi lilipoingia nilikwenda ndani, nikakaa kitandani mpaka likaondoka. Mdogo wangu ndiye aliyesimama na daftari kuhesabu kreti.

Shangazi, Jinja tulimfundisha mama mmoja aliyekuwa anapika waragi, ile pombe kali ya Uganda. Ndiyo iliyokuwa inamlipia kodi ya chumba na shule ya watoto. Tulimsomea Neno la Hekima, andiko letu linalokataza pombe, tukasali naye, na baada ya muda akaacha kabisa. Alivunja mitungi mbele yetu. Alihangaika sana baada ya hapo, akawa anauza nyanya za mafungu. Mimi niliyemwambia aache, leo nilime zabibu za mvinyo?

Nilimjibu baba kuwa nahitaji muda wa kuomba. Akasema, "Omba, lakini zabibu hazisubiri amina." Muda wa kupogoa umeshafika.

Mambo mengine ni madogo. Kuna binti anauza duka la dawa huku kwetu, Mwanglikana, tunaelewana. Sisi tunahimizwa tufunge ndoa hekaluni, na hekalu la karibu ni la Nairobi. Sijamwambia chochote.

Bado naamka saa kumi na mbili na nusu. Nasali, nasoma, naandika ratiba ya siku kwenye daftari, na ikifika saa tatu ratiba yote imekwisha. Nakaa. Nikiwa peke yangu chumbani nahisi kama nimevunja sheria. Siku nyingine navaa shati na tai, napanda daladala hadi mjini, nazunguka Nyerere Square, narudi.

Naomba ushauri wako. Nilishike shamba au nilikatae?

Kijana wako, Mpunguzi


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Mbukwa, kama Wagogo tunavyosalimiana.

Nianze na zabibu kwa kuwa ndizo zilizokufanya uandike, ingawa barua yako nimeisoma hadi mwisho na sidhani kama ndizo zinazokunyima raha.

Mimi si wa kanisa lako. Asubuhi yangu haianzi bila chai ya maziwa. Lakini hilo Neno la Hekima limeandikwa, na kila mtu anaweza kulisoma: ni sehemu ya 89 ya Mafundisho na Maagano, ya mwaka 1833. Linawaonya msinywe mvinyo na vileo vikali, msitumie tumbaku, wala vinywaji vya moto, ambavyo viongozi wenu wanavifafanua kuwa ni chai na kahawa. Kwa jinsi ulivyolifundisha huko Jinja utakuwa unaikumbuka na aya ya 16, ile inayolitaja tunda la mzabibu kati ya vitu vyema kuliwa na binadamu. Andiko linashughulika na kinachoingia kinywani. Anayepogoa, anayepalilia na anayebeba kreti hakutajwa.

Kisha kuna jambo ambalo sijui kama wale wenzi wako wa Idaho na Ghana walikusimulia. Miaka ya 1860, Brigham Young, aliyekuwa rais wa kanisa lenu, alipeleka familia kusini mwa Utah, kwenye joto na ukame ambao Mgogo angeuzoea bila shida, wakalime pamba na zabibu. Walikamua mvinyo huko. Ulitumika kwenye sakramenti, uliuzwa kwa wachimba madini, na wapo waliolipa zaka zao kwa mvinyo huohuo. Kujizuia kabisa na pombe kulikuja kuwa sharti la kuingia hekaluni baadaye sana, mwaka 1921. Sikwambii haya ili ukanunue mapipa. Nakwambia ili uache kujiona wa kwanza duniani kukutana na swali hili. Watu wa imani yako, wenye mashamba na watoto wa kulisha, walikutana nalo zamani.

Hata hapo kwenu, ukipita Bihawana kwenda mjini, unapita mahali ambapo wamisionari Wakatoliki walipanda zabibu kabla baba yako hajaota ndevu. Mmisionari na mzabibu Dodoma ni majirani wa siku nyingi.

Kama ungekuwa hujamtaja yule mama wa waragi ningekuambia chukua jembe, kazi njema, tukaishia hapo. Yeye ndiye ananizuia. Aliacha riziki kwa sababu ulikaa kwenye mkeka wake ukamwomba aache, na huna haki ya kujipa leo wepesi ambao yeye hukumpa. Ni kweli tofauti ipo: yeye alipika kinywaji chenyewe na kukimimina kwenye kikombe cha jirani, baba yako anauza tunda. Ila tofauti hiyo usiivute mpaka ikatike. Lile lori unajua linakwenda wapi.

Kwa hiyo dhamiri yako naiheshimu. Ninachokikataa ni wewe kukaa nayo kitandani. Zabibu ulizivuna kwa mikono yako, lori likaingia, ukaenda kujificha, na msichana akabaki nje na daftari anabishana na wanaume kuhusu kreti zilizopondeka. Kama mvinyo ni dhambi, ulimwachia yeye aibebe. Kama si dhambi, ulimwachia kazi. Kwa hesabu yoyote ile mdogo wako ndiye aliyelipa.

Na huyo mdogo wako umempa mistari michache sana kwenye barua ndefu namna hii. Hukuniambia ana miaka mingapi, kama amemaliza shule, kama naye alikuwa na nafasi mahali akaiacha ili mgongo wa baba upumzike. Mmarekani wa Idaho na kola zake namfahamu vizuri kuliko yeye. Miaka miwili uliyokuwa unagonga milango ya watu Jinja, yeye alikuwa na mkasi wa kupogolea mkononi, mara mbili kwa mwaka, maana zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na kila mavuno yana kupogoa kwake. Uliza mtu yeyote aliyepogoa ekari mbili: vidole vinavimba, na ukikata jicho lisilo lenyewe umekula mavuno ya miezi minne ijayo. Huyo binti anajua kitu ambacho wewe hukijui. Kabla hujazungumza na baba kuhusu nani ashike shamba, kaa naye. Inawezekana mwenye shamba ameshapatikana, na ninyi wanaume wawili mmekaa mnajadiliana juu ya kichwa chake.

Sasa nikwambie ningefanya nini mimi na ekari hizo. Nisingemwendea baba na habari ya kung'oa. Zabibu nyekundu ya Makutupora ni ya mvinyo, ina mbegu, na ukiianika haikupi zabibu kavu nzuri za kuuza dukani. Mnunuzi wa kiwanda, pamoja na kero zake zote za bei na kuchelewesha malipo, anabeba tani kwa siku moja, na zabibu ikishaiva haina siku nyingi juu ya mti. Wakulima wanaobaki nazo ndio wanaoishia kukamua na kutafuta matangi ya kuhifadhia mchuzi wa zabibu, nao ukikaa ndio mvinyo wenyewe huo. Ukimwambia mzee aachane na wanunuzi msimu huu unamwambia alale njaa kwa ajili ya imani yako, na yeye hajabatizwa.

Omba robo ekari. Omba kama mtoto anavyoomba, siyo kama mhubiri. Panda au bebesha zabibu za mezani, zile za kula. Makutupora pana kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinachoshughulika na zabibu. Nenda ukaulize miche na namna ya kubebesha, usisikilize wa vijiweni. Itachukua muda kabla hujaona pesa ya maana, kwa hiyo katika muda huo unafanya kazi kwenye zile ekari nyingine kama kibarua wa baba yako. Unapalilia, unafunga waya, unamwagilia, unampa mgongo wake nafasi. Kuuza abaki nako yeye na mdogo wako. Hilo watalikubali kwa urahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu kinachomuuma baba yako si kwamba humpendi mnunuzi wake. Kinachomuuma ni kukuona umevaa tai saa nne asubuhi.

Na soko la zabibu za kula lipo. Mji umejaa watumishi tangu serikali ihamie, Mtumba kule kuna ofisi juu ya ofisi, na tangu 2024 treni ya SGR inashusha watu kutoka Dar ambao hawawezi kurudi bila zabibu za Dodoma kwenye mfuko. Vijana wa stendi wanaziuza juani, vumbi linaingia, jioni zimelegea. Wewe umepewa kitu ambacho vijana wengi hawana: miaka miwili ya kugonga mlango wa mtu usiyemjua, kukataliwa, kusema asante na kugonga unaofuata. Peleka zabibu zilizooshwa kwenye ofisi na nyumba za wageni uone. Nguo ya kazi hiyo ni fulana. Hilo shati jeupe lipumzike hadi Jumapili, kina mama wa Mpunguzi nao wapate kufungua milango.

Nije kwenye lile ninaloliona mimi. Umeniandikia kwamba kila wiki sita tangazo lilikuja likasema utakaa wapi na utaishi na nani. Mwanangu, bado unalingoja. Ndiyo maana unaamka saa ileile, unavaa, unakwenda mjini na kurudi: umejipanga tayari, rais wa misheni hajapiga simu. Nimeipitia barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipoandika "nataka". Baba anataka. Kanisa linahimiza. Baba mdogo anadai. Wewe unangoja na unaomba. Hata kuomba kwako nimekutilia shaka kidogo, unisamehe. Nadhani ulishajibiwa siku ya kwanza ukaona jibu lina vumbi.

Hili silisemi kwa kukucheka. Kijana akipangiwa kila saa ya siku yake kwa miaka miwili, tena kwa kazi anayoamini ni ya Mungu, siku akiachwa peke yake lazima ayumbe. Wanaotoka JKT huyumba, wanaotoka seminari huyumba. Kanisa lenu lenyewe linalijua jambo hili ndiyo maana lina mafunzo ya kumwandaa mmisionari kurudi nyumbani. Hiyo hofu ya kukaa peke yako chumbani itapungua kwa kuizoea, huna sheria uliyoivunja. Ratiba yako inaisha saa tatu kwa sababu umejaza humo mambo ya wewe na Mungu tu. Weka mambo ambayo usipoyafanya kuna mtu atakuja kuuliza: ng'ombe wa nani apelekwe josho, maji ya shamba yafunguliwe saa ngapi, mtoto gani wa jirani unamfundisha Kiingereza jioni kwa ada ndogo. Hicho Kiingereza, mwanangu, hapa mjini ni hela.

Ila ukiona usingizi umekata kwa majuma, chakula hakipiti, au unaanza kufikiri kwamba afadhali usingekuwepo, hapo usiniandikie mimi. Nenda hospitali ukaonane na daktari. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapahapa kwetu, na wanaofikiri ni ya waokota makopo peke yao wamekosa kujua. Watu wanaingia pale na miguu yao, wanazungumza na mtaalamu, wanarudi kazini.

Baba mdogo ni rahisi. Mkono mtupu haulambwi, naye alitegemea kulamba. Mwambie mara moja, bila kupandisha sauti, kwamba mmisionari halipwi mshahara. Hata hao vijana wa Kimarekani anaodhani wamekuachia dola, tangu Julai 2020 familia zao ndizo zinazochangia dola 500 kila mwezi ili mtoto wao akahudumu. Asipoamini, shauri yake. Siku ukinunua pikipiki atasema ni ya Freemason, na siku ukikosa nauli atasema umefukuzwa.

Kwa mama mkubwa umeharibu, na wewe ndiye wa kutengeneza. Mtu humkatalii chai ndani ya nyumba yake halafu ukakaa kimya. Nenda na mche wa mchaichai au fungu la tangawizi, mwambie, "Mama, mimi majani ya chai tu ndiyo situmii, nichemshie hii, hata vikombe vitatu nitakunywa." Chai ya mchaichai isiyo na majani kanisa lenu halijaikataza. Unywe pale pale mbele yake, ukimaliza uombe uji.

Kuhusu binti wa duka la dawa, uliniambia ni jambo dogo, na binti akiitwa jambo dogo hujua. Mweleze mapema mambo mawili. La kwanza, hekaluni hufungishwa ndoa wote wawili wakiwa waumini, kwa hiyo kwa sasa Nairobi haiko mezani; hekalu lile limewekwa wakfu Mei 2025 na litakuwepo hata mkichelewa. La pili, kwamba wewe hutamlazimisha ahame kanisa ili akupate. Akishajua hayo, aamue yeye kama anaendelea kuelewana nawe. Usimbatize kwa ajili ya harusi, tumeyaona hayo kwenye dini zote na hayaendi mbali. Nawe ujue kwamba wazee wake watauliza ng'ombe, hawatauliza umefundisha watu wangapi Uganda.

Limebaki suala la shule. Cheti chako cha kidato cha sita hakijaoza. Udahili hufunguliwa kila mwaka matokeo yakitoka, UDOM ukiwemo. Soma mwongozo wa bodi ya mikopo, HESLB, wa mwaka husika kwa makini, maana mkopo wao una masharti juu ya mwaka uliomaliza shule, na kila mwaka unaokaa unakusogeza karibu na mlango kufungwa. Kwa upande wa kanisa lako, uliza kuhusu Mfuko wa Kudumu wa Elimu, ulioanzishwa 2001 hasa kwa vijana kama wewe wa nchi zetu wanaorudi kutoka misheni. Ni mkopo, unarudishwa, kwa hiyo usichukue kwa kozi usiyoijua mwisho wake. Ipo pia BYU-Pathway inayosomwa kwa intaneti, ambayo mtu anaweza kuifanya huku anapalilia. Kozi ya kilimo au biashara ingekaa vizuri na ile robo ekari, lakini hapo ndipo ninapotarajia uniambie wewe unataka nini.

Ukishachagua, safari hii mwambie baba kabla hujajaza fomu.

Shangazi